Kwanza Ulizeni Chombo Kitalala Wapi

Marafiki wanapopanga kuzunguka visiwa vya Lamu kwa mashua, mazungumzo huanza na orodha ya mahali pa kwenda: siku ya kwanza Takwa, ya pili Manda Toto, kisha Siyu, Faza, na mwisho Kiwayu. Kila mtu huongeza lake, halafu mmoja hutumwa akatafute chombo kitakachotimiza yote. Nashauri mambo yaanzie upande mwingine. Kabla ya kuuliza mtakwenda wapi, ulizeni kila usiku chombo kitalala wapi: juu ya mchanga au tope, kimekingwa na upepo upi, na maji yatakuwa yamefika wapi saa nane za usiku. Jibu likipatikana, mchana hujipanga kwa kurudi nyuma. Mnataka nanga iwe chini kabla ya saa kumi na moja jioni. Basi mlango fulani mnapaswa kuupita saa fulani. Basi mnaondoka saa fulani asubuhi. Mahali pa kutembelea patapata nafasi humo. Pasipopata, pangoje safari nyingine.

Nasema hivi kwa sababu ya umbile la maji yale. Kati ya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu kuna bahari ya ndani iliyokingwa na mawimbi makubwa, yenye mikoko, mafungu ya mchanga na milango myembamba. Sijui mahali pengine katika pwani ya Kenya panapowafaa zaidi watu wasio mabaharia kufanya safari ya siku kadhaa, maana umbali ni mfupi na kinga haiko mbali. Lakini kina cha maji hayo hakikai. Hori mliloingia asubuhi mkiimba, alasiri ni tope na kaa. Kupwelewa, yaani kukaa juu ya nchi kavu huku bahari imewaacha, ndiko kunakoharibu safari nyingi za visiwani kuliko dhoruba. Kupwelewa juu ya mchanga laini mara nyingi ni kupoteza saa kadhaa tu. Kupwelewa juu ya mwamba kwenye mawimbi ni kuvunja chombo.

Kwa hiyo tarehe ya safari ichaguliwe kwa mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa hufika takriban mita 3. Wakati wa maji mafu hupungua hadi mita 1 hivi. Wavuvi wanajua utaratibu huu bila kitabu: mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa jioni. Jedwali la maji la Mombasa au Lamu litawapa dakika kamili, na mlipate kabla ya kulipa chochote, lakini kwa kuangalia mwezi tu mnaweza kukaa barazani na kukubaliana wiki ya safari.

Kwa wanaokwenda kaskazini kutoka Lamu mjini, napenda siku ya nne baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Siku hiyo maji hujaa kwenye saa moja na ushei asubuhi. Njia ya ndani kuelekea ghuba ya Manda hupita Mkanda, mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, ambao majahazi tangu zamani huungoja maji. Mkiwa mlangoni saa kumi na mbili na nusu, mwanga upo, kina kipo, na maji bado yanapanda. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mahali pa kina kidogo pitieni maji yakiwa yanajaa, kwa sababu chombo kikigusa chini, bahari yenyewe itakiinua baada ya muda mfupi. Kikigusa maji yakiwa yamefika kilele, tena katika siku ambazo bamvua inapungua, kila maji yajayo yatakuwa chini kidogo kuliko yaliyotangulia, na chombo kinaweza kukaa hapo hadi bamvua nyingine. Watu wamewahi kuacha jahazi na kurudi nyumbani kwa boti ya abiria kwa sababu ya saa moja waliyochelewa kunywa chai.

Kuna hesabu ndogo ya kufahamu. Maji huchukua saa sita hivi kupanda au kushuka, ila hayaendi kwa kasi moja. Igawe tofauti yote mafungu 12: saa ya kwanza husogea fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ikiwa tofauti ni mita 3, saa ya kwanza maji yatashuka sentimita 25 tu na mtadhani mna muda mwingi, kumbe katika saa ya tatu na ya nne yatashuka mita moja na nusu. Ndiyo maana wageni hushangaa kwamba bahari "imekimbia ghafla". Hesabu hii ni ya kukadiria tu, lakini inatosha kumwambia mtu aliyeshuka kutembea magofuni arudi saa ngapi.

Takwa ni mfano mzuri. Magofu hayo ya mji wa karne ya 15 hadi ya 17, na msikiti wenye nguzo juu ya kibla, yako upande wa pili wa Manda, na njia ya mashua kutoka Lamu ni hori la mikoko lisilopitika maji yakiwa chini. Ingieni saa mbili kabla ya maji kujaa, tembeeni, na muwe mmerudi chomboni maji yanapoanza tu kugeuka. Anayesema "dakika kumi tu nipige picha" mwacheni apige akisharudi chomboni.

Upepo nao una kauli yake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta jua, maji maangavu na upepo wa kutosha. Kusi huanza Aprili pamoja na mvua za masika, na kati ya Juni na Agosti hupiga kwa nguvu. Mlango wa bahari nje ya Shela huwa na mawimbi ambayo sitamshauri yeyote ayatafute kwa raha. Kati ya pepo hizo mbili, mnamo Oktoba na Novemba, bahari hutulia, na wengi wa pwani huita upepo wa wakati huo matlai. Ni wakati mzuri wa kuogelea, lakini mashua isiyo na injini inaweza kukaa tanga likining'inia nusu siku. Kiwayu iko karibu kilomita 50 kaskazini mashariki mwa Lamu. Wakati wa kaskazi mtakwenda kwa kubisha na kurudi na upepo mgongoni. Wakati wa kusi ni kinyume chake. Mimi nachagua kaskazi, kwa sababu kazi ngumu hufanyika siku za mwanzo watu wakiwa na nguvu na chakula kipo, na aliyechelewa kurudi anasukumwa kwenda nyumbani.

Sasa chombo na nahodha. Sheria ya Kenya inataka vyombo vidogo na wanaoviendesha wawe na leseni, na Kenya Maritime Authority ndiyo inayosimamia hilo. Ombeni kuona vyeti bila haya. Nahodha mwenye navyo haudhiki. Hesabuni majaketi ya kuokoa maisha, kila mtu na lake, la mtoto liwe la saizi ya mtoto, na myavae palepale ufukweni kuona kama mikanda inafunga. Angalieni ngama, pale chini ya chombo maji yanapokusanyika: maji kidogo ni kawaida ya chombo cha mbao, lakini mtu anayefuta maji bila kupumzika hali chombo kimefungwa bandarini ni dalili kwamba kalafati, yaani pamba ya kuziba mianya ya mbao, imechoka. Redio ya VHF ikiwepo, jueni kuwa chaneli 16 ndiyo ya kuombea msaada. Jiko la mkaa likae ndani ya sanduku lenye mchanga, upande usio na upepo wa tanga.

Kisha muulizeni nahodha maswali mawili. Usiku wa kwanza tutalala wapi? Na upepo ukigeuka usiku huo, tutahamia wapi? Nahodha anayeyajua maji ya kwao atawatajia mahali pawili papo hapo, na pengine atawauliza tarehe mlizotaja zinaangukia bamvua au maji mafu. Anayejibu kwamba popote ni sawa, mshukuruni na mwendelee kutafuta. Vijiji kama Matondoni, ambako bado wanaunda na kutengeneza majahazi kwa mikono, vina watu waliokulia katika maji haya. Kumpata mmoja wao ni salama kuliko kupata punguzo la bei.

Halafu ombeni kuona nanga. Wengi huangalia mito ya kukalia na turubai la kivuli, na nanga hawaiulizi, wakati ndiyo itakayowashika mkiwa mmelala. Angalieni kama uzito wake unalingana na chombo, kama kuna mita kadhaa za mnyororo kati ya nanga na kamba, na kamba yenyewe ni ndefu kiasi gani. Mnyororo una kazi mbili: hulala chini na kufanya mvuto uwe wa mlalo, maana nanga inayovutwa kuelekea juu hung'oka, na huzuia kamba kukatwa na mawe. Urefu wa kamba ndio unaokosewa zaidi. Kanuni ya mabaharia ni kutoa mara tano hadi mara saba ya kina, na kina kinachohesabiwa ni cha maji yatakapojaa, kikiongezwa urefu kutoka usawa wa maji hadi omo, yaani mbele ya chombo. Mkitia nanga maji yakiwa yamepwa, bildi ya kupimia kina ikaonyesha mita 3, usiku yatapanda mita nyingine 3, na omo iko mita 1 juu ya maji: jumla ni mita 7. Mara tano ni mita 35. Aliyehesabu zile mita 3 pekee ametoa mita 15, na saa nane za usiku nanga yake inavutwa kuelekea juu huku mashua ikisafiri bila ruhusa. Kinyume chake pia kipo. Mkitia nanga maji yakiwa yamejaa, kina kikawa mita 4, baada ya saa sita mtakuwa na mita 1 chini yenu, na chombo kinachohitaji mita moja na nusu kitakuwa kimelala ubavu pamoja na sufuria zenu.

Mahali pa kutia nanga patazamwe mchana. Jua likiwa juu na nyuma yenu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, maji huonyesha yaliyomo. Samawati iliyokolea ni kina. Kijani kilichofifia ni mchanga karibu na uso wa maji. Kahawia ni mwamba au matumbawe. Madoa meusi yenye kingo laini mara nyingi ni majani ya bahari. Jua likiwa usoni hamtaona chochote ila mng'aro, na ndiyo sababu nyingine ya kutofika mahali pageni jioni sana. Miwani ya jua inayoondoa mng'aro wa maji ni kifaa cha kazi hapa. Mpeni aliye na macho mazuri, akae omo, naye aonyeshe kwa mkono badala ya kupiga kelele, kwa sababu upepo huchukua maneno.

Tafuteni doa la mchanga. Mchanga hushika vizuri. Tope la karibu na mikoko hushika vizuri zaidi, ila mbu watawatoza malipo yake; laleni mbali kidogo, upande ambao upepo unatoka baharini kuelekea mikokoni, na vyandarua viwepo hata kama mmekwenda kulala chini ya nyota. Majani ya bahari huteleza. Juu ya matumbawe msitie nanga kabisa, na hapa sitaki mjadala. Mwaka 1998 joto la maji liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na yale ya aina ya mawe ya duara hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Nanga moja iliyotupwa na mnyororo wake ukizungushwa na mkondo usiku kucha huvunja kazi ya miaka mingi. Samaki mnaotaka kuwaona kesho Manda Toto wanaishi humo. Nahodha akiwa na haraka, mwambieni mtangoja hadi apate mchanga, au mmoja wenu avae miwani ya kupigia mbizi na ashuke kutazama.

Nanga haitupwi. Chombo kisimame kikielekea upepo au mkondo, wowote ulio na nguvu zaidi, nanga ishushwe polepole hadi iguse chini, kisha chombo kirudi nyuma huku kamba ikitolewa kidogo kidogo ili isirundikane juu ya nanga. Kamba ikishatoka yote iliyokusudiwa, ifungwe, na chombo kiachwe kiivute hadi ikaze. Wekeni mkono juu ya kamba. Ikitulia, nanga imeshika. Ikitetemeka na kugutuka, nanga inaburuta. Baada ya hapo chagueni vitu viwili nchi kavu vilivyo katika mstari mmoja, mnazi wa mbele na paa la nyuma, na vingine viwili upande mwingine. Kila mtu chomboni avijue. Vikiachana bila maji kugeuka, amsheni nahodha.

Maji yakigeuka, chombo nacho hugeuka kuzunguka nanga yake, kwa hiyo nafasi inayohitajika ni duara zima. Kama kuna chombo kingine kilichotangulia, aliyetangulia ana haki yake, sogeeni. Tazameni pia kama hapo pana nyavu au madema, na mkiona mvuvi muulizeni, maana yeye atarudi alfajiri kutafuta riziki yake. Washeni taa nyeupe usiku kucha. Katika ghuba ya Manda muepuke kabisa njia ya meli: gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na meli kubwa haiwezi kuwakwepa hata ikiwaona.

Gawaneni zamu za usiku. Si lazima mtu akeshe akitazama kila nyota. Inatosha kila saa mbili mmoja aamke, atazame zile alama, aguse kamba, aangalie ngama, arudi kulala. Zamu muhimu kuliko zote ni ile ya maji yanapogeuka, kwa kuwa hapo nanga huvutwa upande ambao haikuzikwa. Mabaharia wa chombo wana zamu yao, lakini wamefanya kazi kutwa, na ni haki msaidiane.

Kuhusu nyinyi wenyewe kama marafiki, jambo la kwanza ni nani ana kauli. Chomboni neno la mwisho ni la nahodha, hata kama mliolipa ni nyinyi na hata kama kati yenu yuko meneja asiyezoea kutii mtu. Hili lisemwe barazani kabla ya safari, mbele ya kila mtu. Kisha mchagueni mmoja wa kuzungumza na nahodha kwa niaba ya wote. Watu wanane wakimwuliza nahodha mambo manane, au mmoja akamshawishi faraghani apite nje ya mwamba ili kupunguza saa moja, atachoka na kuanza kukubali yasiyofaa. Mchango ukusanywe wote kabla ya kuondoka, na uwe na akiba kwa siku moja ya ziada, kwa sababu siku hiyo huenda ikahitajika. Aliye na mkutano Jumatatu asubuhi, asiyeweza kuchelewa kwa namna yoyote, asipande safari inayorudi Jumapili usiku. Haraka ya mtu mmoja huwafanya wote wapite mlango saa isiyofaa. Nimeona urafiki wa miaka ukipata ufa kwa sababu ya ratiba ya ndege, na hata wimbi kubwa halikuwepo.

Maji ya kunywa yahesabiwe lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kando na ya kupikia, na muongeze ya siku moja. Msitegemee kujaza njiani. Manda ni kisiwa kikavu, na hata mji wa Lamu hutegemea kwa kiasi kikubwa maji ya chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Maji ya bahari huosha sufuria vizuri, lakini koo haidanganyiki. Chakula ni rahisi: mchele, nazi, ndimu, viungo, vitunguu, na samaki mtakaowanunua kwa wavuvi au kuwavua kwa mshipi. Anayelewa bahari ameze dawa kabla ya kuondoka, akae katikati ya chombo kuelekea tezi, yaani nyuma, atazame upeo wa macho, na asiinamie simu. Tangawizi husaidia wengi.

Wakati wa kuogelea, fungeni kamba ndefu tezi, mwishoni kuwe na boya au dumu tupu lililozibwa, iachwe ielee nyuma. Mkondo wa milango hii huweza kumshinda muogeleaji hodari, na kamba hiyo ndiyo itakayomrudisha. Anzeni kuogelea kuelekea unakotoka mkondo, ili mkichoka uwarudishe chomboni. Mtu mmoja abaki juu, asiyeogelea, kazi yake kuhesabu vichwa.

Vijiji vya Pate vina saa zao na heshima zao. Mji wa Pate wenyewe hufikiwa kwa maji kujaa, na vyombo vingi hushushia abiria Mtangawanda. Siyu, yenye ngome yake ya karne ya 19, nayo ina hori linalongoja maji. Kabla ya kushuka vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, toeni salamu kwanza, na mzee akiwakaribisha barazani kaeni kidogo hata kama mna haraka ya kuona ngome. Pombe isionekane mbele ya kijiji, na kama mnaibeba, nahodha aulizwe mapema, maana chombo ni chake na anarudi kuishi na watu hawa. Siku ya Ijumaa pangeni nanga iwe chini mapema, mbele ya kijiji chenye msikiti, ili yeye na mabaharia wake wawahi sala. Mkisafiri Ramadhani kumbukeni kwamba anayevuta foromali juani hajanywa maji tangu alfajiri. Fupisheni njia za mchana.

Kiwayu inataka maandalizi ya ziada. Eneo hilo liko ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979 na kusimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS, kwa hiyo ada ilipwe kabla, na kasa na nguva wakionekana waachwe na njia yao. Liko pia karibu na mpaka wa Somalia, na mwaka 2011 watu walitekwa Kiwayu na Manda. Kabla ya kuvuka kwenda Kiwayu, nahodha aulize polisi na walinzi wa pwani hali ya wiki hiyo na kama kuna amri ya kutosafiri usiku, na aache majina yenu na siku ya kurudi. Wakisema msiende, msiende. Pate pekee ina mambo ya kuwatosha siku nzima na zaidi. Mkiruhusiwa, laleni upande wa ndani wa kisiwa, unaotazama bara. Upande wa nje ni ufuo mzuri wa kutembea asubuhi, lakini chombo hakina kinga huko.

Wekeni pia mpaka wa kugeuka, na muuweke mkiwa bado mnacheka. Kwa mfano: ifikapo saa saba mchana kama hatujavuka Faza, tunalala Faza. Ikiwa mawimbi mbele yetu yameanza kuvunjika meupe kila upande kabla ya kuondoka, tunangoja. Mpaka uliowekwa mapema hauna mshindi wala mshindwa, wakati uamuzi unaosubiriwa mpaka watu wamelowa na wana njaa huleta ubishi.

Usiku wa mwisho uwe karibu na Lamu. Ndege huondoka uwanja wa Manda na mabasi huondoka Mokowe, bara, na kote huko mnavuka kwa boti. Aliye na ndege ya saa nne asubuhi alale mbele ya mji au Shela, asilale Kiwayu akitegemea upepo. Mkifika, shusheni mizigo yote, mkague chombo pamoja na nahodha, mmwambie kama kuna kilichopotea au kuvunjika, kisha mlipe salio palepale gatini mbele ya mabaharia, ili na wao waone kilicholipwa. Mchele, mkaa na maji yaliyobaki waachieni.